Kopo Lililokuja na Gari

Mwinyimvua aliniapia, mkono kifuani, kwamba gari lile lilikuwa la Mzungu mmoja na mkewe waliokuwa wakizunguka nalo mbugani kutazama tembo. Nami nikaamini. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Mwinyimvua kusema uongo ni kazi yake, kama mimi kupika chai. Lakini mimi Sihaba, mtu mzima mwenye akili zangu, niliuchukua uongo ule nikaenda kuwasimulia watu wengine, tena kwa madaha.

Mwaka huo wa tisini na moja kila kitu kilikuwa ruksa. Maduka yaliyokuwa matupu yalijaa sabuni za kila harufu, mitumba ilishuka kwa marobota, na watu ambao juzi tu tulipanga nao foleni ya sukari wakaamka wafanyabiashara. Mume wangu Kondo alikuwa dereva wa lori la ushirika, lile la kubebea korosho. Ushirika ukafa, lori likauzwa, na Kondo akarudi nyumbani Kibiti na barua ya shukrani na saa ya ukutani. Akakaa barazani miezi minne akiitazama ile saa. Nikaona nisipofanya jambo mume wangu ataota mizizi.

Jambo lenyewe nililipata kivukoni Ndundu. Aliyesafiri kwenda Lindi au Mtwara miaka ile anapajua. Malori na mabasi yalilala pale siku mbili, siku tatu, mto ukijaa hata wiki nzima, na hapakuwa na pa kula ila vibanda vya makuti ambavyo mafuriko yaliviondoa kila masika. Nikawaza: mgahawa wenye magurudumu. Maji yakipanda, nami napanda. Yakishuka, nashuka nayo.

Mwinyimvua ni dalali, na dalali ana masikio marefu. Siku ya pili tu alikuwa barazani kwangu. Akatuchukua mimi na Kondo hadi nyuma ya ghala lake, akavuta turubai, na pale nikaliona gari-nyumba kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Refu, lenye mlango wa ubavuni na ngazi ndogo ya kukunja, rangi yake ya samli iliyoganda. Ndani kulikuwa na kitanda chembamba chenye godoro la plastiki, sinki dogo la chuma, makabati mpaka juu, na jokofu dogo lenye kipimajoto mlangoni. Katikati ya dari ilining'inia ndoano ya chuma, nene kama kidole gumba.

"Na hii ndoano?" nikamuuliza.

"Ya taa hiyo. Wazungu hawali gizani."

"Na kitanda hiki chembamba, walilala mtu na mkewe?"

"Aa, dada Sihaba! Wazungu wanapendana bwana."

Tukacheka wote watatu. Nikikumbuka kicheko kile natamani kujizaba kibao.

Niliuza mikorosho yangu. Huku kwetu mti una mwenyewe hata kama ardhi ni ya mtu mwingine, na mimi nilirithi kwa mama yangu mikorosho arobaini kule Mtawanya. Niliiuza yote, nikabaki na jina lake tu. Siku ya kukabidhiana gari, Mwinyimvua akanionyesha kopo dogo la rangi lililofungwa kwa waya nyuma ya kiti cha dereva.

"Hii ni rangi yake yenyewe, ya kiwandani," alisema. "Wenyewe hulitembeza pamoja na gari. Likikwaruzwa popote, paka, na hakuna atakayejua."

Niliona kweli huu ni ustaarabu, gari kutembea na dawa yake.

Miezi miwili ilikwenda vizuri kuliko nilivyoomba. Kondo aliacha kuitazama saa, akawa mtu wa kuchota maji na kupiga soga na madereva wenzake. Kwenye ile ndoano nilitundika mkungu wa ndizi. Kwenye jokofu nilitia soda. Watu walipouliza gari limetoka wapi, niliwapa habari za Mzungu na tembo, na kila siku nikiongeza tembo mmoja.

Kisha lori la mbao likatukwaruza ubavuni wakati wa kupanda kutoka kivukoni. Kidonda chenyewe kilikuwa kikubwa kama sinia. Sikusononeka, si nina kopo? Nikalifungua kwa kisu. Rangi iliyokuwamo ilikuwa nyeupe pe, nyeupe ya kanzu ya Idi.

Nikapanda basi mpaka Kibiti na kopo mkononi.

"Mwinyimvua, gari la samli, rangi nyeupe. Ni dawa gani hii ya kidonda cha mtu mwingine?"

Hata hakulitazama kopo. "Rangi ni kama embe, dada. Ikipakwa leo ni mbichi. Iache juani itaiva."

Na mimi, mtoto wa mkulima, nikaenda kupaka rangi nikaingoja iive! Wiki ya kwanza nyeupe. Wiki ya pili nyeupe. Wiki ya tatu dereva mmoja, Dulla, aliyekuwa akila kwangu kila safari, akasema mbele ya abiria, "Mama, gari lako lina utangotango. Litazame lisije likatuambukiza." Watu walicheka mpaka wengine wakamwaga chai. Tangu hapo ikawa ndiyo anwani yangu: kwa mama wa gari lenye utangotango. Nilikasirika. Nilikuwa nimetoa mikorosho arobaini, na huyu mwenye ghala amenibania kijikopo cha rangi!

Ndipo tukalirudisha gari Kibiti kwa fundi Huseni. Huyu ni mzee wa rangi, aliyepaka milango ya nusu ya mji. Huseni hapimi rangi kwa karatasi wala kwa vitabu vya kiwandani. Huichanganya, akapaka tone kwenye ukucha wa kidole gumba, akaketi juani mpaka ikauke, kisha akaulaza ukucha ule juu ya kitu chenyewe. Ukucha ukipotea, rangi imepatana. Ukionekana, anaufuta kwa tina na kuanza upya. Kazi ya subira, na mimi siku ile sikuwa nayo.

"Amenipa kopo la gari lingine," nilimlalamikia. "Kanidhulumu."

Huseni alilichukua kopo akaligeuza chini juu. Akasoma namba zilizopigwa kitakoni. Kisha akafungua mlango wa dereva, akainama, akapangusa vumbi kwenye kibati kidogo cha namba za rangi kilichopigiliwa pale. Akatazama kibati, akatazama kopo. Akarudia tena.

"Sihaba mwanangu, namba ni moja," akasema. "Kopo halina kosa. Gari ndilo limekosea."

"Gari linakosea vipi?"

Huseni alilowesha kitambaa kwa tina akasugua pembeni mwa kiraka changu. Ile rangi ya samli ikatoka kama uchafu wa shingoni, maana ilikuwa rangi ya mafuta tu, ya kupakia milango ya nyumba. Chini yake ilikuwa nyeupe, na kiraka changu kikamezwa humo kisionekane tena. Akaendelea. Ukatokea mstari wa buluu. Juu ya mstari yakatokea maandishi, na Kondo akawa anayasoma kwa sauti kadiri yalivyofunuliwa.

KLINIKI YA MAMA NA MTOTO.

Nilikaa chini, pale pale kwenye mchanga wa karakana.

Gari hilo nililijua kwa habari zake. Wafadhili walilitoa kwa ajili ya vijiji vya huku kwetu ambavyo havina zahanati. Lilikuwa likifika Mtunda, kwa mdogo wangu Mwanahalima, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Watoto walipimwa uzito, walichomwa sindano za surua, wajawazito walilazwa kitandani wakasikilizwa mimba. Kisha Jumatano moja halikuja. Meneja wa mradi, kijana mtanashati mwenye ofisi Ikwiriri, alifika kwa pikipiki akawaambia akina mama: "Gari lenu liko gereji Dar es Salaam, limekatika springi. Mkichanga kidogo litarudi upesi." Wakachanga. Kila mama alitoa kuku. Mimi nisiye na mtoto wa kupimwa nilimpa Mwanahalima jogoo wangu aongezee. Makapu mawili ya kuku yaliondoka Mtunda kwenda kununua springi.

Mwezi wa tatu wa kungoja, surua ikapita kijijini. Ilichukua watoto kumi na mmoja. Mmoja wao alikuwa Rukaiya wa Mwanahalima, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anasimama kwa kushika ukuta.

Na mimi nilikuwa nauzia soda kwenye jokofu la sindano zake.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ninapojichukia. Kondo alinishika mkono akaniambia taratibu, "Mke wangu, tukilisema hili watalichukua gari. Mikorosho haitarudi. Yule mtoto naye harudi." Nikamwambia anyamaze. Lakini sikumwambia amekosea.

Habari haikawii Kibiti. Kabla ya adhuhuri Mwinyimvua alikuwa karakana, kijasho kimemtoka, galoni nzima ya rangi ya samli mkononi.

"Miye niliuziwa kama weye ulivyouziwa," alisema. "Meneja kaniletea karatasi zenye mihuri, kaniambia limechakaa, linauzwa. Siye wadogo tunajua nini? Na kulipaka alilipaka mwenyewe, miye sikugusa."

"Na Mzungu na tembo?"

Akatazama chini. "Biashara, dada. Gari bila hadithi haliuziki."

"Ulijua."

"Nilijua nini? Hebu tuyaache. Rangi hii hapa, bure, na Huseni nitamlipa miye. Weye una riziki yako, usiipige teke. Watu wakubwa hawachezewi." Akaiweka galoni miguuni pangu.

Niliipokea. Sitaki kudanganya, uongo umetosha katika habari hii. Nilimwambia Huseni, "Kesho asubuhi paka," na mzee yule akaniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto wake aliyemkuta akiiba. Lakini kazi ni kazi. Akaanza kuchanganya, maana rangi ya galoni ilikuwa imezidi ung'avu. Akapaka ukuchani, akaketi juani.

Asubuhi yake ilikuwa Ijumaa, na kila Ijumaa Mwanahalima huniletea nyumbani Kibiti nazi za mgahawani, maana kivukoni alikuwa hajawahi kufika. Nilikuwa nimesahau, au nilijisahaulisha. Majirani walimwelekeza karakana, akafika na kapu kichwani, akatukuta: Huseni kashika brashi iliyochovywa, ukucha wake umelala juu ya bati na hauonekani kabisa, rangi imepatana barabara. Mwanahalima akayasoma yale maandishi. Darasa la saba alimaliza, anasoma vizuri kuliko mimi.

Akatua kapu. Alipanda ngazi akaingia ndani, na mimi nikamfuata. Aliutungua mkungu wa ndizi akauweka kwenye sinki. Kisha akaishika ile ndoano.

"Hapa ndipo walipotundika mizani," alisema. "Rukaiya alipiga makelele, akakojoa, nesi akacheka. Kilo nane na nusu. Walisema ana afya, nimrudishe akitimiza miezi tisa achomwe ya surua." Akanigeukia. "Dada, hino brashi ya Huseni ni ya nini?"

Mimi ni mtu wa maneno. Watu wa kivukoni wanajua, sijawahi kukosa jibu. Siku ile jibu nililitoa kwa mikono.

Nilishuka nikaichukua galoni ya Mwinyimvua nikaimwaga yote kwenye shimo la taka la karakana. Nikachukua kitambaa na tina, nikaanza kusugua gari. Nilisugua kwa hasira. Nilikuwa na hasira na Mwinyimvua, na huyo meneja na pikipiki yake, na kuku wetu walioliwa na mtu aliyekwisha kutuuza. Zaidi ya wote nilikuwa na hasira na Sihaba. Mwanahalima akachukua kitambaa chake. Huseni naye akashika upande wa pili bila kuombwa. Mwisho Kondo akakunja mikono ya shati. Hata hivyo alisema, ili isemwe, "Tukifika nalo huko haturudi nalo." Nikamwambia, "Najua, baba." Akachovya kitambaa chake.

Ilipofika alasiri gari lilikuwa jeupe pande zote, mstari wa buluu unazunguka, maandishi yanasomeka toka mbali. Palipobaki makovu Huseni alipaka kwa rangi ya lile kopo dogo, na hakuna ambaye angejua. Tuliteremsha sufuria zangu, vikombe na benchi, tukaviacha karakana. Jumatatu, siku ambayo ofisi ziko wazi, tukaanza safari ya Ikwiriri, Kondo kwenye usukani, mimi na Mwanahalima pembeni yake.

Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia meneja. Nilikuwa nayo mengi, makali, nikiyapanga na kuyapangua. Sikupanga kwamba lazima tupite Mtunda.

Mtoto mmoja alituona kwanza, akakimbia akipiga kelele. Kabla hatujazifikia nyumba, akina mama walikuwa wakitoka. Walitoka mashambani na majembe, walitoka jikoni na mikono ya unga, wengine wakifunga kanga wakikimbia, watoto mgongoni. Walikuwa wakipiga vigelegele. Kondo alipunguza mwendo, kisha ikabidi asimame, maana walishaujaza upande wetu wote wa njia. Nami nikaona kitu ambacho sitakisahau: bila kuambiwa na mtu, walianza kupanga foleni mbele ya ule mlango wa ubavuni. Kila mmoja alichomoa kadi ya kliniki kifuani, imefungwa kwenye nailoni, safi, imetunzwa mwaka na nusu kwa ajili ya siku hiyo.

"Springi zimepatikana!" aliniambia mama wa mbele kabisa, anaitwa Tatu, ana mapacha. "Hatukuchanga bure."

Nilishuka. Nikaufungua mlango ili waone wenyewe. Nikawaambia yote: aliyeliuza, aliyelinunua, soda, ndizi, na ile galoni niliyoipokea. Sikujipunguzia hata kidogo. Vigelegele vilikwisha. Pacha mmoja wa Tatu akaanza kulia, na mama yake akamtazama bila kumbembeleza.

Nilingoja matusi. Niliyastahili.

"Mnalipeleka wapi?" Tatu aliuliza mwishowe.

"Kwa meneja."

"Basi foleni ni huko." Akapanda ngazi na mapacha wake.

Walijaa humo ndani mpaka kitandani, mpaka juu ya sinki. Waliobaki walipanda lori la mkaa lililokuwa likipita, na dereva wake alipoelezwa hakudai nauli. Kondo aliendesha polepole kama amebeba mayai, mpaka Ikwiriri, mpaka mbele ya ofisi ya mradi.

Meneja alitoka na kikombe cha kahawa mkononi. Aliliona gari kabla ya kuwaona watu. Kikombe hakikuanguka, hayo ni ya hadithini. Alikiweka tu ukingoni mwa dirisha, kwa uangalifu sana, akajaribu kutabasamu. Nami nikafungua kinywa nitoe maneno yangu yote niliyoyapanga.

Sikuwahi. Akina mama walikuwa wakiteremka na kupanga foleni tena, ila safari hii mbele yake. Hawakupiga kelele. Watoto mgongoni, kadi mkononi, mstari ukapita lango ukaingia barabarani, na wapita njia wakaanza kusimama. Mlinzi wa ofisi aliinuka kwenye kiti chake, akaitazama foleni ile, kisha akaketi tena.

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Mwanahalima. Tatu mwenyewe alimpisha. Mdogo wangu alitoa kifuani nailoni iliyofungwa fundo, akalifungua kwa meno, akamkabidhi meneja kadi. Sikujua kwamba alikuwa bado nayo. Meneja aliipokea, nadhani kwa mazoea tu ya mikono, akaifunua. Kulikuwa na jina, na nukta za uzito zikipanda vizuri mwezi hata mwezi, kisha karatasi tupu. Akainua macho akamtazama Mwanahalima, mikono yake mitupu, mgongo wake mtupu.

"Mtoto yuko wapi?" akauliza.

"Hilo ndilo tulilokuja kukuuliza," Mwanahalima alimjibu.